Orodha ya Kina Mama Yohana

Iko siku moja naikumbuka hata pale ninaposahau kwamba miwani ninayoitafuta iko kichwani kwangu, mwanangu. Ilikuwa asubuhi ya mkutano wa ndiva, kijijini kwetu milimani Upare. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza darasa la saba, na nilidhani elimu yote ya dunia imeishia kwangu. Nilivaa gauni la maua, nikakaa mbele karibu na wazee, daftari mapajani. Jua halijafika utosini nilikuwa nimewaharibia wanawake wa kijiji kizima.

Kaa vizuri nikueleze, na hiyo simu iweke chini kidogo. Najua nyie mliozaliwa hapa London Kiswahili mnakisikia vizuri tu, ila ulimi ndio unakimbilia Kiingereza. Mimi sina shida. Leo sitaki unijibu, nataka unisikie.

Ndiva ni bwawa. Si bwawa kubwa. Limechimbwa kwa majembe na kuzungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Linakinga maji ya kijito usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji hadi mashambani. Kila nyumba ina zamu yake. Ukikosa zamu wakati mahindi yanabeba, basi huna mahindi. Zamu hizo zilipangwa mara moja kwa mwaka, kwa kura ya kunyoosha mikono, na mikono yenyewe ilikuwa ya wanaume tu. Sasa nikuulize, nani alikuwa analima? Wanawake. Nani alikuwa anazoa tope ndani ya ndiva siku za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji? Wanawake hao hao, na watoto mgongoni. Siku ya mkutano tulikaa nje ya uzio wa uwanja wa mkutano kusubiri kuambiwa tulichopangiwa.

Kulikuwa na mama mmoja, jirani yetu wa upande wa chini, tukimwita Mama Eliapenda. Mume wake alikwenda Tanga kukata mkonge na kwa miaka minne hakuleta hata salamu. Mama huyu alibaki na mabinti wawili, mama mkwe asiyeona vizuri, na shamba lililo mwisho kabisa wa mfereji. Kwenye mkutano, shemeji yake ndiye aliyekuwa akinyoosha mkono kwa niaba yake. Alikuwa akiunyoosha kwa faida ya shamba lake mwenyewe, hakuwa na aibu hata chembe. Misimu miwili mfululizo mahindi ya Mama Eliapenda yalikauka yakiwa na ndevu tu. Alimwambia mama yangu, nikisikia, "Msimu wa tatu ukienda hivi, mimi nahama. Wanangu hawawezi kula majani."

Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mfupi, mweusi tii, anacheka kwa kuziba mdomo. Lakini alianza kupita nyumba kwa nyumba, jioni baada ya kazi, na kila alikoingia alisema neno moja: na sisi tupige kura ya maji. Wanaume waliposikia walicheka mpaka wakashika mbavu. Baadhi ya wanawake pia walicheka, nisikufiche. Mama Eliapenda hakubishana na mtu. Aliwauliza tu, "Siku ya msaragambo baragumu likilia, anayeingia kwenye tope ni nani?"

Basi siku ya msaragambo ikafika. Baragumu likalia. Likalia tena. Hakuna mwanamke aliyetoka! Loh, ungewaona waheshimiwa wetu siku hiyo, suruali zimekunjwa hadi magotini, wanazoa tope wenyewe huku wanatukana chini chini. Msaragambo wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu hawakufika hata nusu, na ndiva ikaanza kujaa tope. Wakasalimu amri. Wakamwita katibu tarafa, yule bwana wa serikali aliyekuwa akipita vijijini na pikipiki, akaja akasema, "Sheria haimkatazi mwanamke. Leteni orodha ya majina siku ya mkutano. Nitakayemsoma atasimama, nitamwandika kwenye daftari la ndiva, na siku hiyo hiyo atanyoosha mkono wake."

Unaona, mwanangu? Walikuwa wameshashinda. Kilichobaki ni karatasi tu.

Karatasi wakanipa mimi. Nilikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala upande, mwalimu wetu alikuwa akiuonyesha kwa wageni. Kwa siku nne nilizunguka na Mama Eliapenda, yeye mbele na fimbo ya kufukuzia mbwa, mimi nyuma na daftari, nimebeba kalamu kama nimebeba fimbo ya mkuu wa wilaya. Tulipofika kwenye nyumba alikuwa akisalimia, anaeleza, mwenye nyumba anakubali, nami naandika.

Na niliandikaje? Hapo ndipo penyewe. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Kumwita mtu mzima kwa jina alilopewa na wazazi wake ni utovu wa adabu, mama yangu angenizaba kofi mbele ya watu. Kwa hiyo niliandika kama nilivyofundishwa kuita. Mama Yohana. Mama Yohana wa kwa fundi. Mama Yohana wa kanisani. Mama Eliapenda. Mama Zefania. Ambaye hakujaliwa mtoto nilimwandika mke wa Mzee Elieza. Mke wa pili nikamwandika bi mdogo wa fulani. Arobaini na kitu, kurasa mbili, mstari ulionyooka, na chini nikatia jina langu mwenyewe kwa herufi kubwa: Namkunda. Langu nililiandika kamili. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka.

Jioni ya kuamkia mkutano, jua likizama, nilimpitia Mama Eliapenda kumwonyesha. Alikuwa anapeta maharage mlangoni. Alifuta mikono, akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akaigeuza geuza. Hakujua kusoma. Akanirudishia, akasema, "Nisomee."

Nilikuwa na haraka. Kulikuwa na mazoezi ya kwaya, na kwenye kwaya kulikuwa na mtu, tuliache hilo. Nikamwambia, "Mama Eliapenda, kwani huniamini? Mimi ndiye niliyesoma."

Akanitazama kidogo. "Nakuamini, mwanangu," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Angenisikia nikisoma, angegundua. Mtu asiyejua kusoma husikiliza kwa makini kuliko sisi. Angesema, mbona kina Mama Yohana ni watatu, huyo bwana atajuaje yupi ni yupi? Dakika kumi zingetosha. Nikaenda kwaya.

Kesho yake wanawake waliingia ndani ya uzio kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameoga, wamejipaka mafuta, wamevaa vizuri. Mama Eliapenda aliazima kanga mpya ya mama yangu, ya rangi ya zambarau, maana alijua jina lake litasomwa na atasimama mbele ya watu. Katibu tarafa akakohoa, akafungua karatasi yangu.

"Mama Yohana!"

Wakasimama wanawake watatu kwa pamoja. Watu wakacheka, na wao wakacheka, wakakaa, wakasimama tena wakisukumana. Katibu tarafa hakucheka. Akashuka chini ya karatasi kwa kidole. "Mke wa Mzee Elieza," akasoma, "hili nalo ni jina?" Wanaume wakaanza kupiga makofi magotini. Akasoma tena, "Mama Eliapenda." Mwenyewe akasimama, kanga yake imenyooka. Bwana yule akamwuliza, si kwa ubaya, "Eliapenda si yule mtoto wa darasa la pili? Wewe mwenyewe jina lako nani?"

Akalitaja. Mwanangu, alilitaja jina lake, mbele ya wakwe, mbele ya kijiji. Nilimwona midomo inatembea. Sikulisikia, kwa sababu ya vicheko.

Hapo shemeji yake akaruka. "Orodha ilitakiwa leo, imeletwa, haifai! Tuendelee na zamu, watu wana kazi!" Wanaume wakaitikia. Katibu tarafa akatazama saa, alikuwa na kijiji kingine cha kwenda. Akaikunja karatasi, akasema hapa ameandikiwa majina ya watoto na ya waume, hajaandikiwa wapiga kura, na watu wasioandikwa yeye hawezi kuwaingiza kwenye daftari. Mwakani walete tena.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Usikie hilo vizuri. Kalamu ilikuwa mkononi na daftari mapajani. Ningesimama nikasema, kosa ni langu, nipeni nusu saa, nitapita kwa kila mmoja hapa hapa nimwulize jina lake. Yule bwana hakuwa katili, nadhani angekubali. Lakini nilikuwa ninaona aibu. Niliogopa yule wa kwaya angeniona mjinga. Nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta kitu chini, na mikono ya wanaume ikanyooshwa juu yangu kama kila mwaka.

Baada ya hapo wanawake walimgeukia Mama Eliapenda. Ametuvua nguo mbele ya wanaume, wakasema. Tulimwambia tuache, hakusikia. Msaragambo uliofuata, baragumu lilipolia, wote walirudi kwenye tope, wengine hawamsalimii. Na mimi niliwasikia wakimsema, kisimani, kanisani, na sikufungua mdomo kusema, jamani, aliyeandika ni mimi.

Siku ya tatu alikuja kwetu kurudisha kanga, ameifua na kuikunja. Nilitaka kutokea mlango wa nyuma ila akaniwahi. Nilijua atanisema, nikajiandaa kulia. Hakunisema. Alisema, "Mwandiko wako mzuri, kila mtu amesema." Kisha akaziba mdomo kama anataka kucheka, akasema, "Nifundishe kuandika jina langu. Hilo tu. Mengine sina haja nayo."

Nikamjibu, "Kesho."

Kesho sikwenda. Kesho kutwa sikwenda. Nilianza kuchota maji kwa njia ya juu, ndefu na ya mawe, ili nisipite mlangoni kwake. Mama akaniuliza mbona unachelewa siku hizi, nikadanganya. Baada ya wiki mbili ikaja barua kwamba nimepata nafasi ya kusomea uuguzi Moshi, nikaondoka kwa vigelegele. Msimu ule shamba la mwisho wa mfereji lilikauka kwa mara ya tatu. Mama Eliapenda akachukua mabinti zake na yule bibi asiyeona, akashuka tambarare kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mpunga.

Yaliyofuata ni maisha ya kawaida. Nilisoma, nikaolewa (si na wa kwaya, usiulize), nikazaa, nikaja huku kufanya kazi wodini na baadaye kwenye nyumba za kulelea wazee. Nimefuta migongo ya watu wengi wa nchi hii. Siku moja nikarudi nyumbani kumzika baba, na wiki hiyo hiyo kulikuwa na mkutano wa ndiva. Nikapita pale. Wanawake wamekaa ndani ya uzio, kwenye benchi, na katibu wa ndiva mwenyewe ni mwanamke. Anasoma majina ya kuzaliwa na ya ukoo, na mikono inanyooka. Nilisimama nje nikisubiri jina moja, ndipo nikatambua kwamba hata likisomwa sitalijua.

Usiku wa matanga nikamwuliza mama, "Hivi Mama Eliapenda aliitwa nani?"

Mama akanishangaa. "Umekula kwake utoto wako wote, hujui? Aliitwa Namsifu." Akaniambia alikufa huko huko tambarare, homa, miaka mingi imepita, hakuwahi kurudi wala kunyoosha mkono kwenye mkutano wowote. Halafu akaongeza, akiwa hajui ananichoma, "Kila akikutana na mtu wa huku alikuwa anaulizia habari zako. Anasema, 'Yule mwandishi wangu hajambo?'"

Mwandishi wake. Nimehudhuria misiba mingi, mwanangu, lakini kilio changu cha siku ile hakikuwa cha baba peke yake.

Sasa nikuambie kwa nini nakusumbua na habari za bwawa la Upare. Mwaka huu, kabla ya uchaguzi wa hapa kwetu Woolwich, mchungaji aliniomba nikae mezani ukumbini baada ya ibada ya Kiswahili, niwasaidie watu wazima kujaza fomu za kuandikishwa. Chai upande mmoja, fomu upande mwingine. Wewe au mwenzako, sikumbuki, alipita na andazi mkononi akasema kwa Kiingereza kwamba kura moja haibadilishi kitu. Nikapanga fomu zangu upya. Nilikuwa na maneno mengi mno.

Akaja Mama Neema. Unamfahamu, yule Mkongo anayesafisha ofisi alfajiri, anayeleta pondu, kisamvu cha kwao, kila tukiwa na sherehe. Miaka kumi na moja tunakaa benchi moja kanisani. Akaweka pasipoti mezani, mpya, inang'aa. "Mama, sasa niko raia. Na mimi nataka kupiga kura. Kwetu vita ilinikuta sijapiga hata moja." Nikamwambia hongera, nikachukua daftari langu la kuorodhesha walionijia, na mkono huu, mkono huu huu, ukaandika: Mama Neema.

Nikaitazama hiyo kalamu. Miaka kumi na moja, na sikuwahi kumwuliza.

Nikafuta. Nikasema, "Dada, samahani sana. Jina lako nani?"

Akacheka. "Mama Neema, si unajua?"

"Lako wewe. Ulilopewa na mama yako."

Akaweka mkono juu ya pasipoti yake. Kisha akalisema polepole, "Nabintu Zawadi Esperansi." Nikaliandika herufi kwa herufi. Nikalisoma kwa sauti. Akanirekebisha, "Si Nabinto. Nabintu, na u." Nikasahihisha.

Akasema, "Nisomee tena."

Nilisoma tena. Nikasoma mara ya tatu bila kuombwa, na miwani yangu ikaingia ukungu, ikabidi niseme ni mvuke wa chai.

Siku ya kura nilimsindikiza hadi shuleni kulikopigiwa kura. Mimi mwenyewe nilitoa kadi yangu ya basi ya wazee kama kitambulisho, nikataja jina langu lote, Namkunda na la ukoo, ingawa mtaa mzima unaniita Mama Godi, na huyo Godi mwenyewe sasa ana kipara. Nilipomaliza nikamsubiri nje, baridi inanitafuna magoti. Akatoka ameshika pasipoti kifuani kwa mikono miwili. Sikumwuliza amempa nani. Aliniambia tu, "Mama, wamelikuta jina langu."

Nilirudi nyumbani na basi nikiwa sijui nifurahi au nilie. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini nilijua wazi kwamba hii haifuti ile. Namsifu hakuna fomu itakayomfikia sasa, na hakuna mahali pa kwenda kumwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Usije ukadanganywa na mtu kwamba ukimtendea mema wa pili, wa kwanza amelipwa.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu, na nasema wazi ili usije ukasema bibi alikuwa anapiga hadithi. Mtu akikupa jambo lake uliandike, mwulize jina lake, na ukimaliza msomee, hata kama umesoma kuliko yeye, na hasa kama umesoma kuliko yeye. Ukikosea mbele za watu, simama useme ni wewe, saa hiyo hiyo, kabla mwingine hajabebeshwa. Mtu akikuomba jambo dogo usimwambie kesho. Na fomu ikija kwa jina lako, ijaze, na siku ikifika nenda, mvua inyeshe isinyeshe. Kuna mwanamke aliazima kanga ili asomwe jina mara moja tu, na halikusomwa. Ukiona uvivu, mkumbuke huyo. Sasa jina lake unalijua.

Haya, nenda, nisikucheleweshee treni yako. Mungu akulinde huko uendako na akurudishe salama. Akupe mkono usioona aibu kusahihisha ulichoandika. Na siku utakaposimama kulitaja jina lako mbele ya watu, akujalie awepo mtu mmoja aliyenyamaza akakusikia.